Pesa na ubunifu kwenye gemu za video: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa anayecheza, wa mzazi anayeombwa pesa za gemu, na wa kijana anayeota kutengeneza yake. Maswali ni mengi, ila majibu yake mengi yana mzizi mmoja: ukitaka kujua kwa nini gemu imekaa ilivyo, angalia kwanza pesa inaingilia mlango gani.

Kila kazi ya sanaa inauzwa. Kwa nini biashara ilaumiwe kwenye gemu tu?

Kuuzwa hakuna ubaya. Ila kwenye gemu, namna ya kulipa inaingia ndani ya kazi yenyewe na kupanga sheria zake. Kinyago cha Kimakonde hakibadiliki sura kwa sababu mteja kalipa kwa awamu, gemu inabadilika.

Tuanze na mashine za gemu za kutumbukiza sarafu za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwenye ukumbi alitaka mchezaji afe baada ya dakika chache, atumbukize sarafu nyingine au ampishe wa nyuma yake. Ndipo gemu zikawa fupi na kali, na mchezaji akapewa maisha matatu, basi. Zilipohamia sebuleni, ambako mtu alishalipa bei yote dukani, maisha matatu yaliendelea kugawiwa miaka na miaka kwa mazoea tu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni gemu ya The Lion King ya mwaka 1994, kazi ya Westwood Studios. Hatua ya pili, ile ya nyani wanaomrusha Simba huku na huku na vichwa vya twiga vya kukanyagia, imewaliza watoto wengi. Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood, alikuja kueleza kwamba ugumu ule uliongezwa makusudi kwa matakwa ya Disney. Wakati huo Marekani watu walikuwa wakikodi gemu kwenye maduka ya video, na Disney hawakutaka mtoto aimalize ndani ya siku za kukodi, airudishe, asione haja ya kuinunua. Kwa hiyo mtoto aliyedhani hana mikono ya gemu alikuwa amekwamishwa na hesabu za mauzo.

Ruka mpaka Candy Crush Saga ya 2012. Una maisha matano, na kila moja unalopoteza hurudi baada ya dakika 30. Usipotaka kusubiri, unalipa, au unawasumbua rafiki zako wakutumie. Ni yale yale ya mashine ya sarafu, sasa yako mfukoni mwako.

Lakini zamani si watengenezaji walikuwa huru zaidi?

Hapana. Waulize wa Atari, kampuni ya gemu ya Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtu mmoja aliweza kutengeneza gemu nzima peke yake, picha, sauti na programu, na kampuni ikamnyima hata kuandikwa jina. Warren Robinett alipokuwa akitengeneza Adventure, iliyotoka 1980, alificha chumba cha siri chenye jina lake ndani. Ili kukifikia ilibidi uokote nukta moja ya kijivu iliyofanana kabisa na rangi ya sakafu. Hakumwambia bosi. Wakubwa walipogundua, kaseti zilishasambaa. Mwaka 1979 wenzake wanne walikuwa tayari wamechoka na hali hiyo. Wakatoka wakaanzisha Activision, kampuni iliyoandika jina la mbunifu juu ya boksi. Inachekesha kidogo ukikumbuka Activision ilivyokuja kuwa kampuni kubwa ya biashara yenyewe.

Halafu kuna mkasa wa E.T. wa 1982. Atari walinunua haki za filamu kwa mamilioni ya dola, mazungumzo yakachukua muda mrefu, na Krismasi haikusubiri mtu. Howard Scott Warshaw akapewa kama wiki tano kufanya kazi ambayo kwa kawaida huchukua miezi. Gemu ilitoka, mchezaji akawa anatumbukia mashimoni kila akipiga hatua mbili, na kaseti nyingi zikabaki bila mnunuzi. Nyingine zilizikwa jalalani huko Alamogordo, New Mexico. Zikafukuliwa mwaka 2014 mbele ya kamera. Si gemu hiyo peke yake iliyoangusha soko la Marekani mwaka 1983. Rafu za maduka zilikuwa zimejaa gemu za haraka haraka kutoka kwa kila aliyeona harufu ya pesa, na wanunuzi wakakata tamaa.

Nintendo walipoingia Marekani mwaka 1985 walikuja na dawa kali. Waliweka kifaa cha kufuli ndani ya mashine ili kaseti isiyo na kibali isifanye kazi, na kila kampuni ikaruhusiwa kutoa gemu tano tu kwa mwaka. Ulikuwa udhibiti wa kibiashara wa wazi kabisa. Hata hivyo, ukilazimika kuchagua tano tu, huanzi kuleta takataka.

Mbona gemu kubwa za sasa zinafanana?

Kwa sababu ya gharama. Makampuni hayapendi kuzitaja, lakini mwezi Juni 2023, kwenye kesi ya Microsoft kutaka kuinunua Activision Blizzard, Sony waliwasilisha mahakamani nyaraka walizozifuta kwa kalamu ya wino mzito mweusi. Karatasi zilipopigwa skani, namba zilisomeka chini ya wino. The Last of Us Part II ilikula dola milioni 220. Horizon Forbidden West, dola milioni 212.

Piga hesabu sasa. Gemu ya dola 70, duka la mtandaoni likikata asilimia 30, zinabaki 49. Ili studio isiyo na duka lake irudishe dola milioni 220 inahitaji kuuza karibu nakala milioni nne na nusu, na hapo hujalipia tangazo hata moja. Mtu aliyeshika fungu la namna hiyo hatakubali wazo ambalo halijawahi kujaribiwa. Atataka sehemu ya pili ya kitu kilichouza, yenye ramani pana, shujaa mwenye huzuni na orodha ya ujuzi wa kufungua kidogo kidogo. Wabunifu wenye mawazo mapya wapo ndani ya studio hizo hizo. Mawazo yao huishia kwenye mkutano wa bajeti.

Gemu ya mpira hutoka kila mwaka na mabadiliko ni jezi tu. Kwa nini hawaibadilishi kweli?

Swali hili huulizwa kwa hasira kuliko mengine yote, na lina majibu mawili.

La kwanza ni Ultimate Team, ule upande wa gemu ya mpira ya kampuni ya EA wa kufungua pakiti ukitafuta wachezaji. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, upande huo, pamoja na wa gemu nyingine za michezo za EA, uliiingizia EA dola bilioni 1.62, zaidi ya robo ya mapato yote ya kampuni. Pesa ikiwa kwenye pakiti, wahandisi bora watapelekwa kwenye pakiti. Nani atakaa kurekebisha akili ya beki wa kompyuta wakati mchezaji anayemlipa hachezi na kompyuta? Hata EA walipoachana na jina la FIFA baada ya takribani miaka 30, na FIFA 23 ikawa ya mwisho, mashine yenyewe haikuguswa. Boksi lilibadilika jina likawa EA Sports FC, pakiti zikaendelea.

Jibu la pili ni ushindani kufa. Wengi wetu tulilelewa na PES ya Konami, na palikuwa na miaka ambayo kila upande ulimkimbiza mwenzake. Konami wakaona pesa iko kwenye gemu ya bure yenye vitu vya kununua ndani, wakaifuta PES na kuleta eFootball mwezi Septemba 2021. Ilitoka haijaiva, nyuso za wachezaji zimepinda mpaka zikawa vichekesho mitandaoni, na kampuni ikaomba radhi. Imerekebishwa tangu hapo. Ila mtu aliyetaka kukaa na ligi yake nje ya mtandao, anunue chipukizi na kuwakuza msimu kwa msimu, aliachwa njiani.

Na tusiwasukumie lawama zote walio mbali. Biashara ya gemu mitaani kwetu nayo ina mkono wake. Kwenye kibanda cha gemu unalipia kwa mechi au kwa dakika. Mwenye kibanda anataka gemu inayoisha haraka, ya watu wawili, yenye kelele za kuvuta wapita njia. Mpira unafaa, ngumi na mieleka pia. Gemu ya hadithi ya saa 40 haiwezi kulipa umeme wake, tena mchezaji akirudi kesho anakuta mwingine kafuta alipofikia. Kwa hiyo kijana anakua anamjua kila winga wa PES tangu enzi za PS2, na hajui kwamba kuna gemu za mafumbo, za kilimo, za upelelezi.

Masanduku ya bahati ndani ya gemu, ni kamari au si kamari?

Sanduku la bahati ni lile unalolipia bila kujua lina nini ndani. Kama ni kamari, inategemea uko nchi gani. Mwezi Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema ndiyo, ikizitaja FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive. Mwaka uliofuata EA waliacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Nchi nyingine nyingi zinasema si kamari kwa kuwa unachoshinda hakigeuki pesa taslimu, kwa sheria angalau. Maoni yangu: ukilipa bila kujua utapata nini, na taa zinawaka na muziki unapanda kabla hujaonyeshwa, jina lake mimi nalijua.

Kwa upande wa ubunifu, madhara yalionekana wazi kwenye Star Wars Battlefront II ya mwaka 2017. Kumfungua mhusika Darth Vader kulihitaji pointi 60,000, ambazo wachezaji walikadiria ni kama saa 40 za kucheza. EA, wenye gemu hiyo, walipojitetea kwenye mtandao wa Reddit, jibu lao lilipigiwa kura za kupingwa zaidi ya 600,000. Wakashusha bei ya mashujaa kwa robo tatu, kisha wakazima mauzo ya ndani kabla ya siku ya kutoka. Lakini maendeleo yote ya mchezaji yalikuwa yamejengwa juu ya yale masanduku, ikabidi mfumo ufumuliwe na kushonwa upya miezi baadaye.

Kwa nini kila kampuni ilianza kutaka gemu isiyoisha?

Fortnite. Mwezi Septemba 2017 kampuni ya Epic, wenye gemu hiyo, waliongeza sehemu ya bure ya watu 100 kupambana mpaka abaki mmoja, wakauza mavazi na mitindo ya kucheza ya wahusika, na pesa ikamiminika kila msimu badala ya mara moja. Kila mkurugenzi akataka yake.

Tatizo ni kwamba gemu isiyoisha inakula muda wote wa mchezaji, na siku ina saa 24 zile zile. Concord ya Sony ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 baada ya miaka ya kazi. Tarehe 6 Septemba ilikuwa imezimwa, waliolipa wakarudishiwa pesa. Wiki mbili tu. Kabla ya mwaka kwisha studio yake ilifungwa. Walioichora na kuipa sauti hawakuwa wazembe. Walipewa kazi ya kufukuzia soko lililokuwa limeshajaa kabla hawajafika.

Je, shinikizo la biashara limewahi kuzaa kitu kizuri?

Mara nyingi, na hapa ndipo hadithi ya "pesa ni adui wa sanaa" inapochanika.

Baada ya Ocarina of Time, gemu ya mfululizo wa Zelda, mwishoni mwa 1998, Nintendo walitaka kitu kingine cha Zelda kwenye Nintendo 64 upesi, mashine ikiwa bado sokoni. Mbunifu wao Eiji Aonuma hakufurahia kurudia mahekalu yale yale kwa kuyageuza tu, na mkubwa wake Shigeru Miyamoto akampa sharti: basi tengeneza mpya, ila kwa mwaka mmoja. Hakukuwa na muda wa kujenga dunia pana. Yeye na Yoshiaki Koizumi wakachukua wahusika waliokwisha kuchorwa, wakawapa maisha mengine, na wakajenga mji mdogo ambamo siku tatu zinajirudia huku mwezi wenye sura ya kutisha ukishuka kuuponda. Mwenye duka, tarishi, bibi harusi anayesubiri, kila mmoja ana ratiba yake ya saa kwa saa, na wewe unairudia mpaka uijue. Majora's Mask ilitoka Japani mwezi Aprili 2000. Ile huzuni yake na ule mzunguko wa siku tatu vimetokana moja kwa moja na uhaba wa muda.

Mwingine ni Gunpei Yokoi wa Nintendo na Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi ya 1989. Washindani walikuwa na skrini za rangi. Yeye akachagua skrini isiyo na rangi, ya bei nafuu, inayotumia betri nne ndogo kwa saa nyingi. Wabunifu wakabanwa, na katika kubanwa huko wakatupatia gemu ambazo bado zinachezwa.

Ukilinganisha na E.T., tofauti inaonekana. Aonuma alibanwa muda akaachiwa kuamua kipi kifanyike ndani yake, tena juu ya msingi uliokwisha kujengwa. Warshaw alianza kutoka sifuri, na tarehe ilishapangwa na watu wa mauzo.

Wanaozitengeneza wanaathirikaje?

Vibaya. Cyberpunk 2077 iliahirishwa mara tatu ndani ya mwaka 2020, wafanyakazi wakiongezewa siku za kazi, kisha ikatoka Desemba 10 ikiwa mbovu kiasi kwamba Sony waliiondoa kwenye duka lao siku nane baadaye. Watu milioni nane walishalipia kabla ya kuiona. Ndiyo hasara ya kulipia mapema: inaondoa sababu ya kusubiri iive.

Kinachoniuma zaidi ni Hi-Fi Rush, ya studio ya Tango Gameworks ya Tokyo, ambamo kila pigo hufuata mdundo wa muziki. Ilitoka Januari 2023 bila tangazo la awali, ikapendwa, ikapata tuzo. Mei 2024 Microsoft wakaifunga studio. Krafton ya Korea Kusini iliiokota miezi michache baadaye. Katika 2023 na 2024, kila mwaka zaidi ya watu 10,000 walipoteza kazi kwenye sekta hii duniani. Mtu akiondoka anaondoka na ujuzi aliotumia miaka kumi kuukusanya, na mbunifu aliyeona wenzake wakifukuzwa baada ya kazi nzuri hana sababu ya kuthubutu tena.

Basi studio ndogo za kujitegemea ndizo ziko huru?

Ziko huru kwa bosi, haziko huru kwa kodi ya nyumba. Eric Barone alitengeneza Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne, picha, muziki, kila kitu, akifanya kibarua cha kuwaonyesha watu viti ukumbini huko Seattle huku mchumba wake akisaidia kubeba nyumba. Ilitoka 2016 na imeuza zaidi ya nakala milioni 40. Team Cherry wa Adelaide, Australia, walikaa miaka juu ya Silksong mpaka Septemba 2025, kwa sababu gemu yao ya kwanza iliwapa pesa ya kutosha kusubiri. Uhuru wao umenunuliwa, na risiti ipo.

Hadithi hizi husimuliwa sana kwa kuwa wenyewe walishinda. Tangu 2017, dola 100 tu zinatosha kuweka gemu Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na sasa zinaingia zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Nyingi hazionwi na mtu. Tarehe ya Silksong ilipotangazwa, watengenezaji wadogo kadhaa waliahirisha za kwao ili wasizikwe chini yake. Soko halihitaji kumpigia mtu simu ili limpangie kazi.

Na kwetu Afrika Mashariki?

Vikwazo vyetu ni vingine. Mchezaji wetu yuko kwenye simu ya Android yenye nafasi ndogo, na bando anapima. Gemu ya gigabaiti mbili imeshashindwa kabla ya kufunguliwa. Tangazo analoliangalia mtu wa Mwanza humlipa mtengenezaji kidogo kuliko analoangalia mtu wa Texas. Kwa hiyo studio huishi kwa kazi za mkataba: gemu ya kunawa mikono ya shirika fulani, ya kampeni ya benki, huku gemu ya moyoni ikisubiri usiku na Jumapili. Leti Arts, iliyoanzishwa 2009 na Mghana Eyram Tawia na Mkenya Wesley Kirinya, ni kati ya zilizojaribu mapema kujenga mashujaa wa Kiafrika wa simu.

Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, inafaa kuangaliwa kwa karibu. Olivier Madiba na wenzake walichangisha mtaji kwa watu wa kawaida, wakatoa Aurion mwaka 2016, gemu kubwa ya kompyuta yenye mizizi ya hadithi za Kiafrika. Baadaye wakageukia gemu za simu, ikiwemo moja ya kejeli kuhusu mtumishi wa umma na vishawishi vya rushwa. Soko liliwasukuma huko, ndiyo. Lakini kejeli ile Mkameruni yeyote aliyewahi kupanga foleni ofisini anaielewa, na hakuna studio ya California ambayo ingewaza kuitengeneza.

Mtoto ananiomba pesa ya almasi za gemu. Nimpe?

Kwanza fungua ukurasa wa gemu hiyo kwenye duka la simu uone kama imeandikwa kwamba ina ununuzi wa ndani, kisha weka nywila kwa kila malipo. Halafu kaa naye akuonyeshe anachotaka. Utaona bei hazijaandikwa kwa shilingi; zimeandikwa kwa almasi, na mafungu ya almasi yamepangwa yasilingane na bei ya kitu. Nguo ni almasi 120, fungu ni 100 au 310. Lazima zibaki, na zilizobaki humwita arudi. Mfanye mtoto apige hesabu hiyo kwa shilingi mwenyewe, kwenye karatasi. Akishaimaliza na bado anaitaka, na pesa unayo, mnunulie. Ikiwa anachotaka ni sanduku ambalo hajui lina nini ndani, kataa, na umwambie sababu.